Jenerali Hatcher: Mtu Aliyekataa Kuliamini Jicho

Mwezi wa Aprili mwaka 1909 meli ilitia nanga Mombasa ikiwa imemchukua Theodore Roosevelt, ambaye hata miezi miwili ilikuwa haijatimia tangu aondoke katika urais wa Marekani. Alikuja kuwinda. Katika mizigo yake mlikuwamo bunduki aina ya Springfield, bunduki ya jeshi la kwao, ila yeye aliichongesha kitako kwa kipimo chake. Siku ile hakuna aliyejua, si mahamali waliobeba wala mwenyewe Roosevelt, kwamba chuma cha bunduki za kundi lile kingekuja kutiwa shaka. Yake haikumdhuru. Aliwinda akamaliza, akarudi kwao salama.

Wako askari wa Kimarekani waliopewa bunduki za kundi lilo hilo na wasipate bahati yake. Mtu aliyekuja kuandika ajali zao moja moja, pasina kuficha, mwaka ule wa 1909 ndiyo kwanza alikuwa anatoka chuoni. Jina lake Julian Hatcher, na wapiga shabaha wa Marekani mpaka leo humtaja kama sisi tunavyowataja mafundi wetu wakubwa.

Msomaji huenda akauliza, habari za baruti zatuhusu nini sisi watu wa pwani? Ni kweli, uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 1977, na bunduki haishikwi ila kwa leseni. Lakini wazee wetu walilijua gobori. Nilipokuwa mdogo alikuwako jirani yetu mmoja ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu tu. Tukimwuliza, akisema kwamba siku moja alilijaza gobori, akaitwa kula, aliporudi akalijaza tena. Baruti yenyewe alikuwa akiipima kwa kiganja. Mzee yule alilipa vidole viwili kwa elimu ambayo Hatcher alikesha miaka mingi akiitafuta kwa mizani na vipimo.

Risasi ya kisasa ni vitu vinne. Pana ganda la shaba ya manjano, pana fataki kwenye kitako cha ganda, pana baruti ndani, na pana kichwa cha risasi mdomoni. Fataki ikigongwa, baruti huwaka na kugeuka gesi, nayo gesi hutafuta pa kutokea. Ajabu ya baruti hii isiyo na moshi ni kwamba kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozidi kuwaka upesi, na kadiri inavyowaka upesi ndivyo inavyozidi kubana. Hatcher aliwahi kuzitia risasi motoni makusudi, nje ya bunduki, aone zitafanya nini. Maganda yalipasuka, fataki zikaruka, lakini kichwa cha risasi kilikwenda kwa unyonge kabisa. Risasi ile ile ikifungiwa ndani ya bunduki yapata msukumo wa ratili kama 50,000 kwa kila inchi moja ya mraba. Mpira wa motokaa hujazwa pumzi ya ratili kama 30. Basi mtu na akisie mwenyewe, tena akumbuke kwamba chuma kinachozuia nguvu hizo kiko karibu kabisa na jicho lake la kulia.

Huko Marekani, na nchi nyingine zenye wawindaji, wako watu wengi wanaojaza risasi zao wenyewe nyumbani. Huokota maganda yaliyokwisha kupigwa, wakang'oa fataki iliyokufa, wakatia nyingine, wakapima baruti, wakapachika kichwa kipya. Wengine hufanya hivyo kwa ajili ya bei, wengine kwa kutaka shabaha nzuri zaidi ya ile ipatikanayo kwa risasi za kiwandani. Chombo kikuu mezani mwao ni mizani ndogo. Kipimo chao ni punje, nacho asili yake ni punje ya shayiri. Punje 7,000 ndizo ratili moja. Sisi washairi nasi tuna mizani zetu, lakini ubeti uliozidi mizani huchekwa, haumtoi mtu jicho.

Hatcher alizaliwa Virginia tarehe 26 Juni 1888. Alisomea uanamaji katika chuo cha Annapolis, akahitimu kwa sifa, kisha akafanya jambo lisilo la kawaida: akaiacha bahari kwa hiari yake, akahamia jeshi la nchi kavu, upande wa mizinga ya pwani, na baadaye idara ya silaha. Mwaka 1916, wakati wa ghasia za mpaka wa Mexico, bunduki za rashasha za jeshi zililalamikiwa kwamba zinakwama. Alipelekwa Texas kutazama. Akaona kosa kubwa halikuwa la chuma, lilikuwa la mafunzo. Askari hawakufundishwa kuzitumia. Akawafungulia shule. Ndivyo alivyokuwa. Akiambiwa jambo halikubali mpaka alipime, na hasa jambo ambalo kila mtu ana hakika nalo.

Mwaka 1917 Marekani iliingia katika Vita Vikuu vya Kwanza, viwanda vikaanza kufanya kazi usiku na mchana. Mwezi wa Julai Springfield zikaanza kupasuka mikononi mwa askari. Risasi zilizohusika zilikuwa na maganda ambayo vitako vyao vilikuwa laini kupita kiasi. Ganda laini likishindwa, gesi hurudi nyuma, na palipo nyuma ni komeo la bunduki na kile chuma kinachoshika komeo, ambacho tukiite kiti cha komeo. Chuma kizuri kingestahimili, au kingepinda. Chuma hiki kilipasuka vipande vipande kama kigae. Baadhi ya viti vya zamani, vilipojaribiwa, vilivunjika kwa pigo la nyundo tu.

Ikachunguzwa karakana ya Springfield, na hapa ndipo habari inaponistaajabisha mimi kila nikiisoma. Wahunzi wa pale walikuwa mabingwa, watu wa miaka mingi kazini. Chuma kilipotiwa tanuri walikitazama rangi, na kwa rangi ile wakajua kimefikia moto unaofaa. Hivyo hivyo ndivyo mhunzi wa jembe au kisu anavyofanya kwetu. Vipimo vya joto vya tanuri havikutumiwa, kwani jicho la bingwa lilitosha. Vilipoletwa na joto likapimwa, ikaonekana kwamba chuma ambacho jicho lilisema ni sawa siku ya jua kali kilikuwa na moto zaidi, hata kufikia digrii 300 za Fahrenheit zaidi, kuliko kile kilichoonekana sawa siku ya mawingu. Mwanga wa jua uliififiza rangi ya moto, wahunzi wakazidisha. Chuma kikaungua, kikawa kigumu juu yake lakini hakina uvumilivu. Hakuna aliyefanya uzembe. Watu walifanya kazi yao kama walivyofundishwa na waliowatangulia, na jua likiwadanganya.

Vikawekwa vipimo, ikabadilishwa namna ya kukitia chuma moto na kukipoza. Mabadiliko hayo yalianza mapema mwaka 1918, kwenye bunduki namba 800,000 ya Springfield, na kwenye namba 285,507 ya kiwanda cha pili kilichokuwa Rock Island. Zote za chini ya namba hizo, ambazo jumla yake yapita milioni moja, zilikuwa tayari mikononi mwa watu. Wala si zote zilikuwa mbovu. Nyingi zilikuwa nzima kabisa, na hilo ndilo lililokuwa tatizo, kwa kuwa kwa kutazama hujui ipi ni ipi.

Hatcher alikuwa miongoni mwa waliopewa kazi hii ya kujaribu na kupima, Springfield na baadaye katika kiwanda cha risasi cha Frankford. Njia ya kupima msukumo ilikuwa imevumbuliwa na watu wa mizinga tangu karne ya 19, na ni njia nyepesi kuielewa. Bunduki ya majaribio hutobolewa tundu penye chumba cha risasi. Katika tundu hutiwa kijiti cha chuma, na juu ya kijiti huwekwa kipande kidogo cha shaba nyekundu mfano wa kipisi cha chaki, kikabanwa kisitoroke. Risasi ikipigwa, gesi hukisukuma kijiti, nacho huiponda shaba. Baadaye hupimwa urefu uliopungua, ikatazamwa jedwali, ukapatikana msukumo. Mpigaji husimama mbali na kuvuta kamba.

Shaba hiyo nayo ina ukaidi wake. Haiwahi kupondeka kwa kasi ya gesi, kwa hiyo husema kidogo kuliko ukweli. Miaka ya baadaye kikaja kipimo cha kwatzi, jiwe litoalo umeme likikandamizwa, na ikaonekana kwamba risasi ya Springfield ambayo kikomo chake kwa shaba ni 50,000, kikomo chake kwa kwatzi ni ratili 60,000. Risasi ni moja, vipimo viwili. Ndiyo maana vitabu vya kujazia risasi hutaja kipimo kilichotumika, na asiyeangalia akachanganya hesabu za kitabu hiki na kile huweza kujitia matatani huku akidhani anafuata sheria.

Mwaka 1921 kikaja kisa kingine. Jeshi lilitengeneza risasi maalumu kwa mashindano ya taifa ya kupiga shabaha yaliyofanyika Camp Perry, Ohio. Vichwa vya risasi vilipakwa bati ili visiache masalio ya madini yao ndani ya kasiba. Wapiga shabaha wa zamani walikuwa na mazoea yao ya kuchovya risasi katika grisi kwa sababu iyo hiyo, na ingawa safari hii hapakuwa na haja, mazoea yana taabu kuyaacha. Bunduki zikaanza kuonyesha dalili mbaya, na moja ikapasuka. Hatcher akaeleza sababu. Shingo ya ganda sharti itanuke kidogo ili kichwa kichomoke. Grisi ikijaa pale hakuna nafasi ya kutanuka, msukumo hupanda. Tena ganda lililopakwa grisi huteleza badala ya kushika kuta za chumba, uzito wote ukaliangukia komeo. Baadaye wengine walibisha, wakasema mkosa hasa ni bati, maana bati lilishikana na shaba ya shingo kana kwamba limetiwa lehemu. Mimi naona hoja ya bati ina nguvu, na Hatcher mwenyewe hakuificha habari ya kushikana huko. Katika yote mawili, aliyetazama risasi zile kwa macho hakuona ila risasi nzuri zinazong'aa.

Hapa tunafika kwa yule mtu aliyeketi peke yake nyumbani na mizani yake. Yeye hana bunduki iliyotobolewa tundu wala kipande cha shaba nyekundu. Kipimo chake ni ganda lililokwisha kupigwa, na humo husoma dalili. Fataki iliyokuwa na ukingo wa mviringo ikilala bapa ikajaza tundu lake lote, ni dalili. Ikifanya kidimbwi palipogongwa na pini, ni dalili. Ikivuja masizi pembeni au ikitoboka, hiyo ni dalili kubwa. Komeo likiwa zito kuinuka, au kitako cha ganda kikiwa na alama inayong'aa palipo na tundu la kifaa cha kutupia maganda, maana yake shaba imeanza kutiririka kama udongo, na hapo mtu amekwisha kuvuka mpaka. Fataki mpya ikiingia bila kukaza katika ganda lililotumika mara chache, ni kwamba kitako kimetanuka, na ganda hilo halifai tena.

Lakini dalili hizi zina udanganyifu ule ule wa rangi ya chuma. Fataki za kiwanda kimoja ni laini na hulala bapa hata kwa msukumo wa kawaida. Za kingine ni ngumu, husimama wima hata hatari ilipokwisha kufika. Kidimbwi huweza kutokana na tundu la pini lililochakaa. Ganda likiwa na nafasi ya kucheza ndani ya chumba, fataki hulala bapa pasina msukumo kuzidi. Kubwa kuliko yote, dalili huja nyuma. Bunduki nyingi nzuri za leo hazisemi neno mpaka msukumo umekwisha kupita kikomo, na komeo linapokuwa zito mtu yuko mbali sana na usalama. Kuona dalili ni hoja ya kusimama. Kutoona dalili si hoja ya kuendelea.

Kwa hiyo wajazaji wenye hadhari huanza chini, aghalabu kasoro sehemu moja katika kumi ya kile kitabu kinachotaja kuwa ni mwisho, wakapanda kidogo kidogo kwa kiasi cha kitabu kilichopimwa kwa mitambo, wala hawaupiti mwisho huo hata ganda likionekana zuri. Hupima pia mbio za risasi kwa chombo cha mwendo, kwa kuwa mbio zikizidi zile za kitabu, zimetoka kwenye msukumo uliozidi, hazikutoka mbinguni. Wakibadili kitu chochote, aina ya kichwa, fataki, ganda au hata pakiti ya baruti yenye namba nyingine, hurudi chini wakaanza upya. Ganda la kijeshi, mathalan, mara nyingi lina kuta nene na nafasi ndogo ndani. Baruti iliyokuwa salama katika ganda jingine huzidi humo. Shingo ya ganda iliyorefuka, kichwa kilichosukumwa hadi kugusa mifuo ya kasiba, risasi zilizoachwa juani, yote hupandisha. Mezani huwa na chupa moja tu ya baruti kwa wakati mmoja, maana baruti ya bastola ikiingia katika ganda la bunduki hapana dalili itakayongojewa.

Na ikiwa dalili imetokea? Hapigi ya pili ili ahakikishe. Hilo ndilo kosa la wengi. Huelekeza mdomo wa bunduki pasipo mtu, akangoja, akalifungua komeo pasipo kulipiga nyundo. Likikataa, humpelekea fundi. Risasi zilizobaki za fungu lile huzichomoa vichwa moja moja kwa kifaa chake, baruti akaitoa. Mlio ukiwa hafifu isivyo kawaida, husimama vilevile na kuichungulia kasiba kutokea nyuma baada ya kuifungua na kuona ni tupu, kwani huenda kichwa kimekwama njiani. Miwani huvaa tangu mwanzo. Katika ajali za Springfield wapo waliopoteza jicho.

Ajali hizo Hatcher alizikusanya, za tangu mwaka 1917 hadi 1929, akaandika namba ya kila bunduki na sababu iliyojulikana. Zilikuwa makumi. Nyingine zilitokana na maganda laini, nyingine na kasiba iliyozibwa, nyingine na askari waliotia kwa makosa risasi ya Mauser ya Kijerumani, ambayo kichwa chake ni kinene kuliko kasiba ya Springfield. Kamati ilipendekeza viti vyote vya namba za chini viondolewe. Mnamo mwaka 1928 mkubwa aliyehusika aliamua vinginevyo: bunduki zilizokuwa mikononi mwa askari zibaki, ila zikirudishwa kwa matengenezo zitupwe, na zilizomo ghalani zisitolewe. Uamuzi huo una hesabu zake. Bunduki milioni hazibadilishwi kwa siku moja, na ajali zilikuwa chache ukizilinganisha na idadi hiyo. Hata hivyo mimi huwafikiria waliobaki nazo, ambao kila asubuhi waliweka shavu kwenye kitako cha bunduki wasijue kwamba juu ya jambo hilo kuna jalada ofisini.

Katika Vita Vikuu vya Pili Hatcher alipanda hadi cheo cha Meja Jenerali, akasimamia mafunzo ya idara ya silaha na kisha matengenezo na ugavi wake. Alistaafu mwaka 1946. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kilichomjulisha zaidi, Hatcher's Notebook, yaani daftari lake, na humo akaiweka orodha ile ya ajali mbele ya macho ya watu wote. Alikuwa mtu wa jeshi tangu ujana, na Springfield ilikuwa fahari ya jeshi hilo. Angeweza kunyamaza, au kuandika kwa kuzungukazunguka. Aliandika mpaka namba. Baada ya hapo akawa mhariri wa mambo ya ufundi katika jarida la American Rifleman, linalosomwa sana na watu wanaojaza risasi nyumbani. Alifariki tarehe 4 Desemba 1963.

Springfield za kale bado zinauzwa Marekani, minadani na madukani, nyingine zimeng'arishwa zikapendeza kuliko zilipokuwa mpya. Mnunuzi ajuaye hatazami kwanza kasiba wala ubao. Huigeuza bunduki akaipeleka penye mwanga, akasoma namba.